Taka za Kampala na nishati: yasemwayo na yalivyo

"Leteni kiwanda cha kuchoma taka, tupate umeme." Kauli hii hurudi kila dampo linapojaa. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni maganda ya matoke, mihogo na viazi, na ganda bichi la matoke lina maji takriban asilimia 80. Kuyageuza maji hayo mvuke hula zaidi ya nusu ya joto la sehemu kavu. Tanuri la kuzalisha umeme hutaka taka zenye wastani wa megajuli 7 za joto kwa kilo. Maganda mabichi hayafikii hata 2. Moto huo utadai dizeli kila siku.

"Dampo likifukiwa udongo, limekwisha." Sivyo. Chini ya udongo, taka huendelea kuoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayowaka, kwa miaka mingi, na maji ya mvua hulilegeza rundo. Kiteezi, dampo la Kampala lililofunguliwa mwaka 1996, liliporomoka Agosti 2024 baada ya mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 30. Gesi ya dampo huvunwa kwa mabomba yaliyotobolewa, na maji machafu lazima yapate njia ya kutokea.

"Bayogesi ni kujaza tangi tu." Bayogesi ni gesi ya kupikia itokanayo na taka zinazooza ndani ya tangi lisiloingia hewa, na hapa ndipo mitambo mingi hufia. Anza na samadi mbichi ya ng'ombe iliyokorogwa na maji kiasi sawa, maana ndiyo yenye vijidudu vinavyotengeneza methani. Subiri wiki 2 hadi 4. Gesi ya mwanzo haiwaki, na usiijaribu kwa kiberiti kwenye tangi. Ikishawaka jikoni, ongeza maganda yaliyokatwakatwa, kidogo kidogo. Ukiyamimina mengi kwa pupa, asidi hujaa, tope hunuka uchachu na mwali hufifia. Acha kulisha kwa wiki nzima, kisha rudi na samadi. Bomba la gesi lilazwe kwa mteremko, lisije likazibwa na matone ya maji.

"Taka zitachambuliwa dampo." Zikifika huko, zimechelewa. Ganda lililopanda lori pamoja na betri na chupa zilizovunjika halifai tena kwa tangi wala kwa mbolea, na kavera (mfuko wa plastiki) moja huelea juu ya tope hadi izibe mlango wa kutokea. Kazi ni pale pale sokoni, kisu kikiwa bado mkononi mwa anayemenya matoke: gunia moja la maganda, jingine la kavera.