Homa ya mgonjwa aliyepungukiwa kinga haingoji asubuhi

Sisi wauguzi tumefundishwa kutafuta maambukizi kwa macho: wekundu, uvimbe, usaha. Katika wodi ya wagonjwa wanaopata tibakemikali, yaani dawa kali za kutibu saratani, macho hayo hayatoshi. Usaha kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu, hasa nyutrofili, zilizokufa zikipigana na bakteria. Mgonjwa ambaye nyutrofili zake zimekwisha hana cha kutengenezea usaha. Kidonda chake kinaweza kuwa na bakteria tele na bado kikaonekana kisafi, na picha ya eksirei isionyeshe kitu ilhali mapafu yameshaingiliwa. Mara nyingi homa ndiyo dalili pekee unayopewa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mgonjwa wa aina hii huwa ni: dozi ya mwisho ulipata lini? Kwa dawa nyingi za tibakemikali, nyutrofili hushuka chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Zikiwa chini ya 500 kwa kila mikrolita ya damu, hatari ni kubwa, na kadiri zinavyokaa huko chini siku nyingi ndivyo hatari inavyozidi.

Joto likifika nyuzi 38.3 za Selsiasi mara moja tu, au 38.0 likadumu kwa saa nzima, hiyo ni dharura, hata kama mgonjwa ameketi anazungumza vizuri. Tunachukua damu ya kuoteshwa maabara kuona kama ina bakteria, kutoka kwenye mshipa wa mkono na kutoka kwenye katheta (mrija uliowekwa mshipani wa kupitishia dawa) kama anayo, kisha antibaiotiki ya kwanza iingie mshipani ndani ya dakika 60. Majibu ya maabara yatatukuta tumeshaanza. Ninasisitiza jambo hili kwa wauguzi wapya kwa sababu usiku kuna kishawishi cha kumpa mgonjwa parasetamoli na kumwacha alale. Parasetamoli itashusha joto, bakteria wataendelea na kazi yao, na zamu ya asubuhi itamkuta presha imeporomoka.

Tena si kila mgonjwa hupata homa. Anayetumia steroidi (dawa zinazotuliza uvimbe na kinga ya mwili), au mzee, anaweza kuwa na maambukizi ya damu huku joto lake likiwa la kawaida au hata chini ya kawaida. Hapo hesabu pumzi kwa dakika nzima, usikisie. Angalia mkojo umepungua kiasi gani, angalia kama amechanganyikiwa kidogo. Ndugu yake akikuambia "leo hayuko sawa", mchukulie kwa uzito kama unavyoichukulia namba ya themometa.

Watu hudhani hatari yote inatoka nje, kwa wageni na hewa ya wodini. Ukweli ni kwamba bakteria wengi wanaowaangusha wagonjwa hawa ni wao wenyewe wamewabeba, mdomoni, kwenye ngozi na tumboni. Tibakemikali huchubua utando laini wa kinywa na utumbo, nao wakapata njia ya kuingia kwenye damu. Ndiyo maana kila siku namulika kinywa kwa tochi, nahimiza mswaki laini na kusukutua kwa maji ya chumvi. Ndiyo maana pia hakuna kupima joto kwa njia ya haja kubwa, hakuna enema (maji ya kusafisha utumbo kupitia huko) wala dawa ya kuchomeka huko, na choo kigumu tunakizuia mapema.

Mikono unaijua: sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa chenye alkoholi, 40 hadi 60 kwa sabuni na maji, na glavu hazichukui nafasi ya kunawa. Mdomo wa katheta nao usuguliwe kwa alkoholi kwa sekunde 15, kisha uachwe ukauke kabisa kabla ya kuunganisha sindano. Huko kukauka ndiko kunakorukwa tukiwa na haraka.

Kuhusu chakula, bado nakutana na wagonjwa waliokatazwa matunda na mboga mbichi zote. Tafiti zilizolinganisha mlo huo mkali na mlo wa kawaida uliotayarishwa kwa usafi hazikuonyesha kwamba unapunguza maambukizi. Mgonjwa ambaye tayari hana hamu ya kula tunamwongezea mateso bure. Matunda yaoshwe vizuri, nyama na mayai viive, maziwa yawe yamechemshwa, inatosha.

Ndugu wenye mafua wabaki nyumbani, wengine waje, wanawe mikono, wakae naye. Upweke nao unaumiza. Chanjo ya mafua wapate wao pia. Mgonjwa mwenyewe asipewe chanjo yenye virusi hai.

Siku ya kuruhusiwa, nahakikisha anaondoka akijua kusoma themometa na ana namba ya kupiga usiku. Na namfundisha sentensi ya kusema mapokezini akija na homa, kabla hata ya jina lake: "Niko kwenye tibakemikali." Asipangwe foleni na wengine.