Mwanamke na siasa za kaunti: yasemwayo na ukweli wake

Mwaka 2013 hakuna mwanamke aliyechaguliwa gavana nchini Kenya. Mwaka 2017 walipita watatu: Anne Waiguru, Charity Ngilu na Joyce Laboso. Mwaka 2022 wakawa saba. Hata hivyo, wadi zetu 1,450 bado huchagua wanaume kwa wingi, na maneno yasiyo ya kweli huwavunja moyo hata wanawake walio tayari kugombea.

"Diwani wa kuteuliwa amezawadiwa kiti"

Hili ndilo lisiloeleweka zaidi, yaani kiti cha mjumbe wa bunge la kaunti asiyechaguliwa na wadi. Kifungu cha 177 cha Katiba kinataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili za bunge la kaunti. Viti vya ziada vya kuteuliwa huongezwa hadi sharti hilo litimie, kwa hiyo idadi yake haijulikani mpaka kura za wadi zihesabiwe.

Chukua kaunti ya wadi 30, tukiacha kando viti vya makundi yaliyotengwa. Wakichaguliwa wanawake 3, zitahitajika nafasi 11 za ziada, wawe 14 kati ya 41. Wakichaguliwa 6, nafasi 6 zinatosha: 12 kati ya 36. Yaani wanawake watatu zaidi wakishinda wadini, bunge linapungua viti vitano vya kulipia mishahara. Anayelia na gharama ya uteuzi, dawa iko mkononi mwake siku ya kura.

Vyama hugawana viti hivyo kulingana na wadi ambazo kila kimoja kimeshinda katika kaunti, na majina hutoka kwenye orodha iliyowasilishwa kwa tume ya uchaguzi, IEBC, kabla ya uchaguzi, anayetangulia juu akianza. Wengi huumia hapa. Mtu anaambiwa "tutakukumbuka", anazunguka na kampeni miezi mitatu, kumbe ni nambari 9 kwenye orodha ya chama kitakachopata viti 4. Ahadi ya mdomo haina kazi. Uliza nambari yako, na uione kwa macho.

Ukiwa na malalamiko kuhusu orodha, anzia chamani, kisha Jopo la Mizozo ya Vyama vya Kisiasa. Usingoje. Majina yakishachapishwa katika gazeti rasmi la serikali, njia inayobaki ni kesi ya uchaguzi mbele ya hakimu, na ni lazima iwasilishwe ndani ya siku 28.

Diwani wa kuteuliwa akishaapishwa, kura yake bungeni ni sawa na ya diwani wa wadi. Asichokuwa nacho ni wadi ya kurudi kuomba kura, na hilo ndilo la kulifanyia kazi tangu mwaka wa kwanza.

"Mwakilishi wa Kike ni wa akina mama tu"

La. Huchaguliwa na wapigakura wote wa kaunti, wanaume kwa wanawake, na kuketi katika Bunge la Kitaifa na kura kamili. Wako 47. Gladys Wanga alishika kiti hicho Homa Bay kwa mihula miwili kabla ya kuwa gavana.

"Ukinyimwa tiketi, simama huru"

Inawezekana, ila kalenda ni kali. Mgombea huru hatakiwi kuwa mwanachama wa chama chochote katika miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Mchujo wa vyama ukichelewa, muda huo unakupita ukiwa bado unakata rufaa. Barua ya kujiuzulu huhesabiwa inapopokelewa, si unapoiandika, kwa hiyo baki na nakala yenye mhuri. Kisha hakikisha jina lako halimo katika rejista ya chama kingine. Wapo Wakenya waliojikuta wameandikishwa bila kujua. Kwa wadi, unahitaji pia kuungwa mkono na wapigakura 500 waliosajiliwa humo humo. Kusanya zaidi ya 600, maana baadhi watagunduliwa wamejiandikisha wadi jirani.

"Akishindwa mara moja, amekwisha"

Wavinya Ndeti, aliyekuwa mbunge wa Kathiani, aliwania ugavana wa Machakos 2013 akashindwa, akarudi 2017 akashindwa tena, akashinda 2022. Fatuma Achani alikaa naibu gavana wa Kwale mihula miwili kabla ya zamu yake. Susan Kihika alianza kama spika wa bunge la kaunti ya Nakuru, kiti ambacho hupigiwa kura na madiwani wenyewe, akaenda Seneti 2017, na miaka mitano baadaye akarudi Nakuru akiwa gavana.