"Eat out" si kula uani

Kuna ujumbe wa "Jifunze Kiingereza" unaozunguka kwenye magrupu kila baada ya muda. Unadai kwamba "eat out" ni kula nje ya jengo, kwa hiyo ukikaa ndani ya mkahawa ni kosa kusema "We ate out".

Si kweli. "Eat out" ni kula mkahawani au hotelini badala ya kula nyumbani. Mtu anaweza kusema "We ate out last night" hata kama alikuwa ghorofa ya kumi, madirisha yamefungwa, mvua inanyesha. Aliyetandika mkeka uani akala wali wake aliopika mwenyewe, huyo "ate outside".

Kinachotuchanganya ni neno letu "nje", maana "kula nje" hubeba maana zote mbili. Halafu kuna "eat in": kwa kawaida ni kula nyumbani, lakini ukiulizwa kaunta kama ni "eat in" au "take away", hapo maana yake ni kulia papo hapo. Ukichanganyikiwa, huna lawama.

Kuhakiki ni rahisi. Fungua kamusi yoyote nzuri ya Kiingereza kwenye "eat", kisha shuka hadi "eat out". Soma na mifano, utaona chakula hakitajwi baada yake: "We ate out pizza" haisemwi.

Ujumbe huo ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze, hata kama aliyeutuma ni mwalimu wako wa zamani.