Mahakama Kuu siyo ya juu kuliko zote

Newala au Nachingwea, mzozo wa shamba la mikorosho ukifika Mahakama Kuu, wengi husema: "Pale ndiyo mwisho." Mzee hukukunjulia hukumu kutoka bahasha ya kaki, keshakata tamaa. Jina lenyewe linachanganya, si kosa lake.

Juu ya Mahakama Kuu ipo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Huketi majaji wasiopungua watatu, na tafsiri yao ya sheria huzifunga mahakama za chini; rufani ya mtu wa Bukoba yaweza kugusa mikorosho yako.

Fungua Katiba, ibara ya 108 kuhusu Mahakama Kuu, kisha ya 117 kuhusu Mahakama ya Rufani. Na ile hukumu ya kwenye bahasha, soma mstari wa juu kabisa: ni ya mahakama ipi?