"Mfumo umekubali": dhana potofu za kupakia data za mazingira kwa templeti ya Excel

Mwaka ukifungwa, simu huanza kuita. Kiwanda cha Chang'ombe, ghala la Barabara ya Nyerere, hoteli ya Masaki: wote wameshushiwa templeti (faili la Excel lenye kolamu zilizopangwa tayari) na makao makuu, wote wametakiwa kupakia umeme, mafuta, maji na taka za miezi kumi na miwili kwa mkupuo kwenye mfumo wa data za mazingira wa kampuni, na wote wananieleza mambo yaleyale kwa uhakika uleule. Nimechoka kuyajibu moja moja kwa WhatsApp usiku.

"Mfumo ukikubali faili, basi data ni sahihi."

Hii ndiyo inayonitoa jasho. Mtu ananitumia picha ya alama ya kijani, mistari yote imeingia, hakuna kosa hata moja, halafu anaandika "Tumemaliza, bosi." Hamjamaliza.

Mfumo unapopokea templeti unakagua vitu vichache tu. Kolamu za lazima zimejazwa? Kwenye tarehe kuna tarehe, kwenye kiasi kuna namba? Msimbo wa kituo upo kwenye orodha yake? Kipimo ni kile kinachokubalika? Basi. Ni yule askari wa getini na daftari lake la wageni: andika jina lolote, weka namba ya gari, sahihi, pita. Hana namna ya kujua kwamba ghala lenye taa kumi na forklifti mbili haliwezi kula uniti nusu milioni za umeme kwa mwezi (uniti moja ni kWh moja).

Tuchukue LUKU, umeme wa kulipia kabla, maana hapo ndipo panapoharibika zaidi. Ofisi ya mazingira inaomba takwimu za umeme, mhasibu anachomoa ripoti ya malipo kwenye mfumo wa fedha. Ripoti ile haina uniti, ina shilingi. Anainakili, anaibandika kwenye kolamu ya kiasi, na pembeni kolamu ya kipimo tayari imeandikwa kWh. Malipo ya 500,000 yanageuka kuwa kWh 500,000. Namba ni namba, mfumo unapitisha.

Sasa piga hesabu. Kwa bei ya T1, ya watumiaji wa kawaida, iliyopangwa mwaka 2016, uniti moja ilikuwa shilingi 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, ulifika kama shilingi 356. Ndiyo maana elfu kumi ilikuwa inakupa uniti 28. Ile laki tano ni uniti kama 1,400, kwa hiyo umeripoti umeme zaidi ya mara 350 ya uliotumia. Na kama vituo vyote vimejazwa kwa mtindo huohuo, grafu inatoka nzuri kabisa, kila kituo kimepanda pamoja na mwenzake, na hakuna anayeshtuka hadi mkaguzi aulize.

Kisha linakuja pendekezo la "si tugawe tu kwa 356?" Hapana. Mita nyingine zilikuwa na deni linalokatwa kwenye kila manunuzi. Tangu 2021 kodi ya jengo nayo inakatwa humohumo. Kuna nyumba ya mlinzi iliyo kwenye D1, bei nafuu ya watumiaji wadogo. Rudini kwenye risiti, uniti zimeandikwa pale. Vizuri zaidi, someni mita siku ya mwisho wa mwezi, kwa sababu umeme ulionunuliwa tarehe 30 Desemba unatumika Januari, na kununua si kutumia.

Kosa la pili linalopita chini ya alama ya kijani ni tarehe. Laptopu nyingi hapa mjini zinakuja na mipangilio ya Marekani na hakuna anayeibadilisha. Ukiandika 03/04/2024 ukimaanisha tarehe 3 Aprili, Excel inasoma Machi 4, kimya. Ukiandika 13/04/2024, inashindwa, maana hakuna mwezi wa 13, hivyo inaiacha kama maandishi. Ukipakia daftari la dizeli la jenereta la kila siku, siku za kuanzia 13 zinakataliwa kwa wino mwekundu, na siku za 1 hadi 12 zinapita, karibu zote zikiwa zimetawanyika kwenye miezi ambayo si yake. Ya tarehe 12 Aprili imekwenda kukaa Desemba. Jamaa anashughulika na zile nyekundu, anazirekebisha, anapakia, anashukuru Mungu. Zile nyekundu ndizo zilizokuwa salama! Zilizoharibika ni zile zilizokubaliwa, na hazigusi tena.

Dawa yangu ni ya kizamani na sitaki kubishiwa. Kabla ya kupakia, andika kwenye karatasi mistari ni mingapi, na jumla ya kila kituo kwa kila mwezi ni ngapi. Karatasi, si shiti nyingine ndani ya faili lilelile, ambayo nayo itabadilika mtu akigusa fomula. Ukishapakia, toa ripoti ndani ya mfumo, linganisha. Halafu chagua mistari michache bila mpangilio uifuate mpaka kwenye risiti yenyewe. Weka pia kila kituo mbele ya mwezi kama huo wa mwaka jana. Kilichopanda mara tatu bila mashine mpya kina maelezo ya kutoa. Kazi yote hii inaisha kabla ya chai ya saa nne. Mnaoniambia hamna muda, huo wa kurudia ripoti nzima mnaupata wapi?

"Kisanduku kitupu na sifuri ni kitu kimoja."

Sifuri maana yake tumepima, hakuna kilichotumika. Kitupu maana yake hatujui, ankara haijafika. Jenereta yenye sifuri mwezi mzima inanitia shaka, kwa sababu hata umeme usipokatika fundi huiwasha kuijaribu. Na jambo moja la kuchunga: mifumo mingi inasoma kisanduku kitupu kama "usibadilishe kitu". Ukitaka kufuta namba mbaya kwa kuiacha tupu kisha kupakia upya, namba mbaya inabaki palepale.

"Tupakie tani za kaboni moja kwa moja, hesabu tumeshapiga."

Pakia lita, pakia kWh, pakia kilo za gesi. Kuzidisha kwa kigezo cha hewa chafu, yaani kilo za kaboni kwa kila lita au kWh, ni kazi ya mfumo. Lita ya dizeli inatoa kama kilo 2.7 za kaboni dioksidi, na hiyo haibadiliki sana. Umeme wa gridi ni habari nyingine. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeanza kuzalisha 2024. Uniti ya umeme ya leo haibebi kaboni ileile ya wakati gesi ya Songo Songo ilipobeba mzigo mkubwa zaidi. Kigezo kikisasishwa, mwenye kWh anabofya, mfumo unapiga hesabu upya. Mwenye tani anaanza kutafuta risiti za miaka iliyopita kwenye maboksi ya stoo. Halafu tani zile huwa zimechanganya Skopu 1 (mafuta mnayochoma wenyewe) na Skopu 2 (umeme mnaonunua) kwenye mstari mmoja, na aliyezichanganya ameshahamia kampuni nyingine.

"Orodha ya kuchagua inanilinda."

Ile orodha inayoshuka kwenye kisanduku inakulinda ukichagua au ukiandika kwa mkono. Ukibandika, Excel haikagui, na ubandikaji wa kawaida unafuta hata ile kanuni iliyokuwa kwenye kisanduku. Ndiyo maana kwenye kolamu moja nakuta "Lita", "lt", "L" na "ltrs". Bandika thamani peke yake, kisha iambie Excel izungushie duara visivyofaa (Circle Invalid Data).

"Namba ya mita ni namba."

Haijumlishwi, haigawanywi, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Mita ya LUKU inayoanza na sifuri inapoteza sifuri yake mara tu ukiibandika, na mfumo unakuambia mita haipo. Kontrol namba, ile ya kulipia serikalini, yenye tarakimu 12 inajigeuza 9.9E+11. Tokeni ya LUKU ya tarakimu 20 ndiyo mbaya kuliko zote: Excel inatunza 15 za mwanzo, nyingine inazifanya sifuri, na ukibadilisha umbizo baadaye hazirudi. Iweke kolamu kuwa maandishi kwanza, ndipo ubandike.

"Tukikosea tutapakia tena."

Muulize aliyewauzia mfumo swali moja: faili la pili linaongeza au linabadilisha? Kama kila mstari hauna kitambulisho chake cha kudumu, linaongeza, na mmejizidishia maji ya mwaka mzima mara mbili. Msisubiri jibu la simu. Pakieni mistari miwili kwenye nakala ya majaribio ya mfumo, mara mbili, mwone.

"Hiyo ni kazi ya watu wa IT."

Wao watakuambia faili limeingia. Hawajui kwamba uniti moja ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ni mita ya ujazo moja, kwamba wiki ile mabomba yalipokauka mlinunua maji ya boza, na kwamba boza la lita 10,000 linaandikwa 10 kwenye kolamu ya mita za ujazo, si 10,000. Anayejua ni yule aliyesaini kupokea boza. Mwiteni wa stoo akae na faili kabla halijapakiwa, na msimpe ripoti iliyokwisha, mpeni namba za kituo chake tu, mwezi kwa mwezi. Ataona boza lililozidi kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza.