Ukuta Unapotoa Jasho: Maswali na Majibu Kuhusu Unyevu na Kifua

Nakuru, kwenye mitaa inayopanda kuelekea Menengai, kuna nyumba zilizochimbiwa ndani ya mteremko. Ukizitazama kwa mbele ni ghorofa mbili, kwa nyuma ni moja. Chumba cha chini kinabaki na ukuta mmoja ulioegemewa na udongo mwaka mzima, na mvua za Machi hadi Mei zikianza, ukuta huo huloa. Wanaoishi humo huuliza haya.

Mtoto wangu hukohoa kila usiku. Tukikaa wiki moja kwa nyanya yake, kikohozi kinatulia. Je, ni ukuta?

Huenda ni ukuta kweli, na hilo la kutulia akiwa kwingine ndilo linalonifanya niushuku. Ukuta uliolowa huota kuvu, na kuvu hurusha hewani chembe ndogo zisizoonekana. Chembe hizo huwasha macho, huziba pua na huamsha pumu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, lilisema wazi kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na kuvu huugua zaidi pumu na maambukizi ya njia ya hewa.

Lakini mzazi mwenzangu, usiutwike ukuta kila kitu. Kuvu haileti kifua kikuu. Mtoto akikohoa kwa wiki 2 au zaidi, akipungua uzito au akitoka jasho usiku, apimwe. Katika vituo vya serikali kipimo cha kifua kikuu ni bure. Akipumua mbiombio huku mbavu zikibonyea ndani, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Nitajuaje maji yanatoka wapi?

Hapa usiwe na haraka, maana ukikosea chanzo utapoteza pesa yote. Kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, kisha bandika kipande cha nailoni cha sentimita 30 kwa 30 kwa teipu pana, pande zote nne, pasiachwe mwanya. Kiache siku 2. Ukikuta matone upande wa chumbani, maji yametoka katika hewa yenu wenyewe: sufuria ya maharagwe inayochemka bila kifuniko, nguo zilizoanikwa ndani, pumzi za watu watano usiku. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari; usiku ukuta hupoa sana na mvuke huo hugandia hapo. Ukikuta maji nyuma ya nailoni, yanapenya kutoka kwenye udongo.

Dalili nyingine husaidia. Unga mweupe kama chumvi ni madini ambayo maji yameyabeba kupitia ukutani na kuyaacha yalipokauka. Doa linaloanzia sakafuni na kukoma karibu na kiuno ni maji yanayofyonzwa kutoka chini ya msingi. Na doa lisilojali mvua wala kiangazi? Funga mifereji yote nyumbani, soma mita ya maji, rudi baada ya saa moja. Ikiwa imesonga, bomba linavuja.

Tunawasha jiko la makaa ndani ili ukuta ukauke. Kuna ubaya?

Acheni, tafadhali. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na katika chumba kilichofungwa familia nzima inaweza kulala isiamke. Stovu ya mafuta taa nayo huongeza unyevu: lita 1 ya mafuta ikiungua hutoa karibu lita 1 ya maji kama mvuke. Fungueni madirisha saa za jua, na sogezeni kitanda sentimita 10 kutoka ukutani.

Kwa ndugu zetu wa Kisumu, kufungua dirisha kunataka kupima. Alasiri ya joto zito la ziwani, hewa ya nje imebeba maji mengi, na ikigusa ukuta baridi wa chumba cha chini huyaacha hapo. Huko fungueni asubuhi, au siku yenye upepo mkavu.

Kuvu nitaiondoaje?

Kwa sabuni, maji na brashi. Vaa barakoa na glavu, na watoto wawe nje. Usiikwangue ikiwa kavu, itapeperuka. Kuinyunyizia dawa tu hakutoshi, kwa sababu hata kuvu iliyokufa huamsha pumu. Ukitumia Jik, usiichanganye kamwe na dawa ya choo. Hutoa gesi inayochoma mapafu. Godoro lililoota kuvu halisafishiki. Eneo likizidi mita 1 ya mraba, mwenye pumu asiliguse.

Fundi anataka kupaka rangi ya kuzuia maji kwa ndani.

Maji ya udongoni yana nguvu ya kusukuma, na rangi hiyo itabanduka pamoja na plasta. Anzeni nje. Maji ya mabati yapelekwe mbali na msingi, ardhi iteremke kutoka ukutani angalau sentimita 15 katika mita 3 za kwanza, na bustani ya sukuma inayomwagiliwa kando ya ukuta ihamishwe. Yasipokoma, chimbeni mtaro wa kokoto wenye bomba la matundu, ushuke chini kuliko sakafu ya chumba, na ukuta upakwe lami kwa nje.

Mimi ni mpangaji tu. Nifanye nini?

Piga picha za ukuta zenye tarehe, mwandikie mwenye nyumba, na uweke nakala. Akinyamaza, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa uwezo wa kukagua nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya na kumtaka mwenyewe airekebishe. Maji yanayopenya yakiwa na harufu ya choo, usingoje jibu la mwenye nyumba. Mpeleke afisa siku hiyo, na maji ya kunywa myachemshe.