Mizuka Yenye Njaa ya Wachina: Tunachodhani na Kilichopo

Kila Aprili ikiingia, Wachina hufika kwenye makaburi ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam, walikozikwa wenzao waliofariki wakijenga reli ya TAZARA miaka ya 1970. Huweka mashada, huinamisha vichwa, huondoka. Na hakosekani mtu wa kusema, "Hiyo ndiyo sikukuu yao ya mizuka." Siyo.

Dhana: Ni sikukuu moja

Ile ya Aprili ni Qingming, siku ya kufagia makaburi. Hufuata jua, kwa hiyo kwa kawaida huangukia tarehe 4 au 5. Ndugu hung'oa magugu, hupaka upya maandishi ya jiwe la kaburi, huandaa chakula. Hao ni wafu wenye wenyewe.

Sikukuu ya mizuka huja siku ya 15 ya mwezi wa 7 kwa kalenda yao ya mwandamo. Mwaka 2024 ilikuwa Agosti 18. Mwaka 2025, Septemba 6. Mwezi huo, wanaamini, milango ya kuzimu iko wazi.

Dhana: Wanaabudu mashetani

Hapa tatizo ni tafsiri. Kichina hutenga *shen*, yaani miungu, *zuxian*, wahenga, na *gui*. Sisi tumeligeuza hilo la tatu kuwa "shetani", kumbe *gui* ni binadamu aliyekufa: aliyezama baharini, aliyefia ugenini, asiyeacha mtoto wa kumwashia udi. Babu yangu mimi ni mhenga. Kwa jirani asiyemjua ni mzuka tu.

Basi haabudiwi. Hulishwa, kwa huruma iliyochanganyika na woga kidogo. Chakula cha wahenga huandaliwa ndani. Cha mizuka huwekwa nje, kando ya barabara: machungwa, biskuti, wali, vijiti vya udi vikifuka. Singapore huwatumbuiza kwa nyimbo jukwaani, na viti vya safu ya mbele huachwa vitupu. Ni vyao. Taiwan hawawataji kwa jina, huwaita "ndugu wema". Aliyelelewa kuambiwa nyoka usiku aitwe kamba ataelewa mara moja.

Mfano ninaoupenda ni wa Keelung, mji wa bandari huko Taiwan. Katikati ya karne ya 19 wahamiaji kutoka Zhangzhou na wale wa Quanzhou, miji miwili ya China bara, walipigana hadi watu wengi wakafa. Walipochoka, waliwafanyia wafu wa pande zote mbili ibada moja, na tangu 1855 koo zimekuwa zikipokezana zamu ya kuiandaa. Taa zenye umbo la nyumba za karatasi huwashwa na kusukumwa baharini usiku, ziwaonyeshe njia waliofia majini. Sijui shetani gani huandaliwa nyumba.

Dhana: Yote yametoka kwa Buddha

Nusu tu. Ubudha una *preta*, yaani mzuka mwenye njaa, kiumbe mwenye tumbo kama pipa na koo jembamba kama sindano, lakini hiyo ni hali ya kuzaliwa upya na ina mwisho wake. Una pia kisa cha Mulian, mwanafunzi wa Buddha, aliyemkuta marehemu mama yake katika hali hiyo. Akampa wali, kabla haujafika mdomoni ukageuka makaa ya moto. Buddha akamwambia peke yake hawezi kumwokoa: awalishe watawa wanapomaliza mafungo yao ya msimu wa mvua, thawabu zimfikie mama. Ukitoka kwenye hitima na sadaka, mantiki hiyo si ngeni.

Kuwachomea wafu noti na vitu vya karatasi, hata hivyo, ni mila ya Wachina na dini yao ya Utao. Wapo watawa wa Kibudha wanaoikataza.

Dhana: Wanateketeza pesa

Ni noti za maigizo, nyingine zimeandikwa "Benki ya Kuzimu", na hununuliwa kwa bei ndogo.

Dhana: Hayamhusu mgeni

Wewe wa Kariakoo unayefuata mzigo Guangzhou, usisimamishe vijiti vya kulia katikati ya bakuli la wali. Vikikaa hivyo vinafanana na udi, na bakuli hilo ni la marehemu. Vilaze kando.